Gavana Alinyang'anywa, Mtesaji Akalipwa: Pensheni na Hatia Illinois

George Ryan aliingia siasa mwaka 1966 akiwa diwani wa kaunti ya Kankakee, kusini ya Chicago, akatoka mwaka 2003 akiwa gavana wa Illinois. Miaka yote hiyo ilipopigiwa hesabu, pensheni yake ikafika dola 197,037 kwa mwaka. Mwaka 2006 mahakama ya shirikisho ilimtia hatiani kwa ufisadi, na pensheni ikafutwa yote.

Jon Burge alikuwa kamanda wa polisi Chicago. Kati ya mwaka 1972 na 1991, yeye na wapelelezi wake waliwatesa watu zaidi ya 100, karibu wote weusi, ili wakiri makosa. Mwaka 2010 naye akatiwa hatiani katika mahakama ile ile ya shirikisho, akishtakiwa na ofisi ile ile ya mwendesha mashtaka wa shirikisho, Patrick Fitzgerald. Pensheni yake ikaendelea kuingia benki kila mwezi mpaka alipofariki huko Florida, Septemba 2018.

Jimbo ni moja, na kifungu cha sheria kimeandikwa kwa maneno yale yale kwa mwanasiasa na kwa polisi. Watu ninaowasimulia kisa hiki huuliza upesi nani alihongwa. Hakuna aliyehongwa. Sheria ilifuatwa, na hapo ndipo panaponikera.

Nina sababu ya kulifuatilia jambo hili. Mimi ni mtu wa Kilifi niliyehamia Chicago, na nimeajiriwa na kaunti ya Cook, upande wa afya, kama karani. Kila ninapopokea hati ya mshahara naona asilimia 8.5 imekatwa kwenda mfuko wa pensheni wa kaunti. Makato ya Social Security, mpango wa taifa wa malipo ya uzeeni, yale ambayo karibu kila mfanyakazi wa Marekani anayo, mimi sina, kwa kuwa kaunti ya Cook haimo katika mpango huo. Polisi wa Chicago hawamo, wala walimu wa shule za jiji. Kwa hiyo mtu aliyefanya kazi ya umma hapa maisha yake yote, pensheni ndiyo kila kitu. Akinyang'anywa, hana mfuko mwingine wa serikali wa kumpokea uzeeni, isipokuwa kama aliwahi kuchangia kwa muda wa kutosha akiwa kwenye ajira nyingine.

Ami yangu, mwalimu mstaafu, aliniuliza swali hili kwa simu bila kuzunguka.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu. Hizo pesa wanazokukata huko, wanaweza kukunyima?"

Nikamwambia naam, nikipatikana na hatia ya kosa kubwa la jinai linalohusiana na kazi yangu, natoka mikono mitupu. Narudishiwa nilichochangia mwenyewe na basi.

"Ah! Afadhali wewe unarudishiwa," akasema. "Sisi tuliambiwa mapema: ukifutwa kazi, nenda kalime."

Alikuwa sahihi. Sheria ya Pensheni ya Kenya, Sura ya 189, kifungu cha 5, inasema wazi kwamba mtumishi hana haki kamili ya kudai pensheni kwa utumishi wake uliopita, na ikithibitika kwamba alizembea au alienda kinyume cha maadili ya kazi, pensheni yaweza kupunguzwa au kuzuiwa yote. Hapo hapahitajiki hata mahakama. Ni mabaki ya serikali ya kikoloni, iliyoiona pensheni kuwa ihsani ya bwana mkubwa kwa mtumishi mwaminifu. Mambo yamebadilika kiasi tangu Januari 2021, pale wafanyakazi wapya wa serikali na waliokuwa hawajafika miaka 45 walipoingizwa kwenye mfuko wa kuchangia, ambamo mtumishi hutoa asilimia 7.5 na serikali 15. Lakini kizazi cha Ami kilifanya kazi miaka thelathini na zaidi kikimwogopa mkubwa wa ofisi kwa sababu hiyo hiyo.

Illinois wameanzia upande wa pili kabisa. Katiba ya jimbo ya mwaka 1970, ibara ya 13, kifungu cha 5, inasema uanachama katika mfuko wowote wa pensheni ya umma ni mkataba unaoweza kudaiwa mahakamani, na mafao yake hayatapunguzwa wala kudhoofishwa. Maneno hayo yana meno. Mei 2015 Mahakama ya Juu ya Illinois iliyatumia kuifutilia mbali sheria nzima iliyokuwa imepitishwa kupunguza mafao ya wafanyakazi, ingawa mifuko ya jimbo ilikuwa, na bado iko, katika deni la kutisha. Majaji walisema hali ngumu ya fedha haivunji mkataba.

Sasa, vipi mkataba usiovunjika uwe na mlango wa kumtolea mtu nje? Jibu ni kwamba mlango ulikuwepo kabla ya ukuta. Tangu mwaka 1955 sheria za pensheni za Illinois zina kifungu kinachosema kuwa mafao hayatalipwa kwa mtu yeyote atakayetiwa hatiani kwa kosa kubwa la jinai linalohusiana na, linalotokana na, au lililofungamana na utumishi wake. Aliyeajiriwa baada ya hapo aliukuta mkataba ukiwa na sharti hilo ndani yake. Kifungu ni kifupi mno. Hakisemi kosa liwe la uzito gani zaidi ya kuwa la daraja hilo, hakisemi nusu wala robo, hakimtaji aliyeumizwa. Kinauliza kitu kimoja tu: kosa hili na kazi yako vina uhusiano?

Hapo tumrudie Ryan. Kabla ya kuwa gavana alikuwa Katibu wa Jimbo, kuanzia 1991 hadi 1999, na Illinois ofisi hiyo ndiyo inayotoa leseni za udereva. Chini yake, leseni za kuendesha malori makubwa ziliuzwa kwa rushwa, na sehemu ya fedha ikaishia katika kampeni zake. Novemba 8, 1994, kwenye barabara kuu karibu na Milwaukee, kipande cha chuma kilianguka kutoka kwenye lori, gari dogo la familia ya mchungaji mmoja likakikanyaga, tangi la petroli likapasuka na kuwaka. Watoto sita wa familia hiyo walikufa. Dereva wa lori lile alikuwa miongoni mwa walioipata leseni Illinois kwa njia ya rushwa. Uchunguzi ulioanza kwa makarani wa leseni ulipanda ngazi kwa miaka, hata ukamfikia mwenye ofisi mwenyewe. Alihukumiwa miaka sita na nusu.

Bodi ya pensheni ilikata malipo mwaka huo huo wa 2006. Ryan akaenda mahakamani na hoja ambayo mimi sioni ni ya kudharau. Alisema: nimetiwa hatiani kwa mambo niliyofanya nikiwa Katibu wa Jimbo na gavana. Sawa, chukueni pensheni ya miaka hiyo. Lakini kabla yake nilikuwa mbunge wa jimbo miaka kumi, kisha naibu gavana miaka minane, na hakuna aliyewahi kunishtaki kwa lolote la wakati huo. Pesa ya miaka hiyo niliichuma kihalali. Mahakama ya rufaa ilimkubalia. Mahakama ya Juu, Februari 2010, ikamkatalia, majaji sita kwa mmoja. Sheria haijui vipande, walisema. Imesema mafao hayatalipwa, na mafao ni yote. Alirudishiwa michango yake, dola 235,500.

Mke wake, Lura Lynn, alifariki mwaka 2011 mume akiwa gerezani. Mjane au mke wa aliyetiwa hatiani hapati kitu. Haki yake imejishikiza kwenye ya mumewe, na ile ikianguka huanguka nayo. Wapo wanaosema mke wa gavana alikula matunda ya ufisadi, aonje na uchungu wake. Huenda. Ila kifungu hicho hicho kinamhusu mke wa karani wa leseni aliyepokea bahasha, na huyo nani alimwuliza kama alijua?

Burge sasa. Kituo chake kiliitwa Area 2, upande wa kusini wa jiji. Kifaa wanachokitaja mashahidi zaidi kuliko vingine ni kisanduku cheusi chenye nyaya na mkono wa kuzungushia, ule mkono ukizungushwa umeme unapita. Nyaya zilibanwa masikioni, vidoleni, sehemu za siri. Walitumia pia mfuniko wa plastiki wa mashine ya kupigia chapa, wakamvisha mtu kichwani mpaka apoteze pumzi. Watu walikiri mauaji wasiyoyafanya, na wengine wakafika hadi kwenye vyumba vya wanaongoja kunyongwa.

Ninapenda watu wajue pia habari ya daktari wa kaunti, labda kwa sababu nami nalipwa na kaunti hiyo hiyo. Februari 1982, Andrew Wilson, mshukiwa wa mauaji ya polisi wawili, aliletwa jela ya kaunti akiwa na majeraha usoni, alama kwenye masikio, na sehemu zilizoungua kwa kubanwa kwenye rejeta ya kupashia chumba joto. Dakta John Raba, mkuu wa huduma za afya za jela, aliyaandika yote katika barua kwa mkuu wa polisi, Richard Brzeczek, akitaka uchunguzi. Brzeczek aliipeleka kwa mwendesha mashtaka wa kaunti, Richard M. Daley, ambaye baadaye akawa meya wa Chicago kwa miaka 22. Hakuna askari aliyeshtakiwa kwa barua ile. Karatasi ilikuwa na tarehe, sahihi na maelezo ya kitabibu, ikakaa.

Burge alifukuzwa polisi mwaka 1993 kwa yale aliyomfanyia Wilson. Kufukuzwa hakukumgusa pensheni, kwa kuwa Illinois si Kenya ya Ami: kufukuzwa si hatia ya jinai. Alihamia Florida, akawa na mashua, na alipotimiza miaka 50 alianza kulipwa. Na ripoti ya mwendesha mashtaka maalumu ilipotoka mwaka 2006, ikakiri kwamba mateso yalikuwepo, lakini muda wa kisheria wa kuyashtaki ulikuwa umekwisha pita.

Basi angalia jinsi alivyopatikana. Januari 10, 2003, siku chache kabla ya kuondoka madarakani, gavana mmoja aliwasamehe kabisa watu wanne waliokuwa wanangoja kunyongwa, wote wakisema walikiri chini ya mateso ya watu wa Burge. Kesho yake akabadilisha adhabu za kifo za watu wote 167 waliobaki. Gavana huyo ndiye George Ryan. Mmoja wa wale wanne, Madison Hobley, alitoka akafungua kesi ya madai dhidi ya Burge. Katika kesi hiyo, Novemba 2003, Burge alitakiwa kujibu maswali kwa maandishi na kiapo: je, uliwahi kutumia au kujua mbinu kama hizi? Akajibu hapana. Jibu hilo ndilo lililomfunga. Juni 2010 alipatikana na hatia ya kusema uongo chini ya kiapo na kuzuia haki isitendeke, na Januari 2011 akapewa miaka minne na nusu.

Kwa hiyo bila kalamu ya Ryan, hakuna kesi ya Hobley. Bila kesi ya Hobley hakuna kiapo, na bila kiapo Burge angezeeka kwenye mashua yake bila doa la mahakama. Kesi ile ikamleta Burge mbele ya bodi ya pensheni ya polisi mwaka mmoja tu baada ya Mahakama ya Juu kumkatalia Ryan.

Bodi hiyo ina watu wanane: wanne wanawakilisha jiji, wanne wanachaguliwa na polisi wenyewe, walio kazini na wastaafu. Januari 27, 2011, walikaa kujibu lile swali moja la kifungu. Upande mmoja ulisema: amedanganya juu ya nini? Juu ya aliyoyafanya akiwa polisi. Uhusiano gani mwingine mnautaka? Upande wa pili ukasema: kosa alilotiwa hatiani nalo ni uongo, uongo ameusema mwaka 2003, na mwaka 2003 alikuwa mstaafu aliyefukuzwa miaka kumi nyuma. Mateso hakuhukumiwa nayo. Kura zikaenda nne kwa nne. Wanne waliochaguliwa na polisi wote walimpigia kura ya kulipwa. Hoja ya kukata ilikosa wingi, ikafa, na pensheni ikaendelea.

Lazima niwe mkweli kwamba ile hoja ya pili si upuuzi. Ukiisoma sheria kwa herufi inashika. Lakini mwaka 2002 Mahakama ya Juu ya jimbo ilishatoa kipimo, katika shauri la polisi aliyejiingiza kwenye ulaghai wa bima: kama asingekuwa polisi, angekuwamo katika kosa hilo? Jibu likawa hapana, akapoteza pensheni, ingawa ulaghai wenyewe haukufanyika kazini. Mpime Burge kwa kipimo hicho. Kama asingekuwa kamanda wa Area 2, nani angemwuliza habari za kisanduku? Angekuwa na nini cha kudanganya?

Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Lisa Madigan, ambaye ndiye aliyeshauri Ryan anyimwe yote, alimshtaki Burge na bodi. Shauri lilipanda likashuka mpaka Julai 2014, Mahakama ya Juu ilipoamua, majaji wanne kwa watatu, kwamba Madigan alipita mlango usio wake. Bodi ndiyo yenye mamlaka ya kuamua, na uamuzi wake hupingwa kwa njia maalumu ya mapitio, si kwa kesi mpya ya Mwanasheria Mkuu. Mahakama haikusema Burge alistahili. Ilisema tu si kazi yetu kuuliza kwa njia hii. Ukitaka kujua jinsi serikali inavyoweza kuacha jambo kubwa limwagike kupitia tundu dogo, soma hukumu ile.

Nilidhani kila mtu mweusi wa Chicago angekubaliana nami kwamba ile pensheni ilipaswa kukatwa, nami ni rahisi kudhani, kwa kuwa nilikuja mambo haya yakiwa yamekwisha tokea. Mwenzangu wa kazini, mama wa South Side, upande wa kusini wa jiji, anayehesabu siku zake za kustaafu, alinisikiliza tukiwa kwenye chakula cha mchana, mimi na wali wangu wa nazi, yeye na kuku wake, kisha akaniambia nipunguze moto. Si kwamba anamwonea Burge huruma. Jina lile akilitaja midomo inambana. Alisema kwamba kazi ya serikali, ya posta, ya kaunti, ya shule, ndiyo iliyowanunulia watu wake nyumba wakati benki na viwanda vilikuwa vimewafungia milango. Na wanaotiwa hatiani ovyo mjini humu ni akina nani? Ukiipanua sheria ili imfikie mtu kama Burge, akasema, Burge ana wakili, atapenya. Utakayemnasa ni karani wa zamu ya usiku aliyejaza saa za ziada ambazo hakufanya.

Nimelifikiria sana neno lake, na sasa nadhani ana haki nusu. Tatizo la kifungu cha 1955 ni kwamba hakina mizani ndani yake. Karani aliyeghushi saa na gavana aliyeuza leseni wanapata adhabu ya aina moja, yote au hakuna, na bei yake inapandishwa na miaka mtu aliyofanya kazi, si na ubaya wa kosa. Aliyeiba mwaka wake wa pili hapotezi karibu kitu. Aliyeiba kiasi kile kile mwaka wake wa ishirini na nane anapoteza uzee wake wote. Mimi niliye daraja la pili, yaani tulioajiriwa tangu Januari 2011, tunaohitaji miaka kumi ya kazi kupata haki na miaka 67 ya umri kulipwa kamili, ninaona hesabu hiyo waziwazi.

Massachusetts waliligusa jambo hili mwaka 2016. Afisa wa polisi wa mji wa Peabody aliingia kwenye kompyuta usiku wa Krismasi ya 2004 akachungulia alama za mtihani wa wenzake wa kupandishwa cheo. Kosa lipo, hakuna ubishi. Adhabu ya sheria ilikuwa kupoteza pensheni iliyokadiriwa kuwa na thamani ya dola 659,000. Mahakama ya juu ya jimbo hilo ikasema hiyo ni faini, na faini hiyo imezidi mno, Katiba ya Marekani inaikataza. Pennsylvania nao walikuwa na Jerry Sandusky, kocha wa chuo kikuu aliyenajisi watoto wa kiume. Walimkatia pensheni ya dola 4,900 kwa mwezi mwaka 2012, mahakama ikairudisha mwaka 2015 kwa kuwa alistaafu mwaka 1999 na makosa yaliyotajwa na sheria yalikuwa ya baada ya hapo. Tarehe tena. Ni ugonjwa ule ule wa Burge.

Serikali ya shirikisho ni kichekesho cha peke yake. Mwaka 1954, kwa hasira juu ya Alger Hiss, ofisa wa zamani wa wizara ya mambo ya nje aliyefungwa kwa uongo chini ya kiapo, Bunge lilipitisha sheria ya kuwanyima pensheni wahalifu wengi tu. Mwaka 1961 likaipunguza ibaki hasa kwa makosa ya usalama wa taifa kama ujasusi, na mwaka 1972 Hiss mwenyewe akashinda mahakamani akalipwa. Mpaka leo mtumishi wa shirikisho anayeiba fedha za ofisi kwa kawaida anafungwa na pensheni anabaki nayo. Ndiyo maana Rod Blagojevich, gavana aliyemfuata Ryan na kumfuata hadi gerezani, alipoteza pensheni ya Illinois lakini ya miaka yake ya Bunge la Marekani ikabaki. Mtu mmoja, vyeo viwili, sheria mbili.

Na mtu akifa kabla ya hukumu? Illinois, hakuna hatia, hakuna kukatwa. Mwaka 2015 afisa wa polisi wa mji wa Fox Lake alijiua akitengeneza mambo yaonekane kama ameuawa kazini, ikaja kugundulika alikuwa akiiba fedha za kikundi cha vijana. Maiti haishtakiwi. Mwaka 2019 jimbo likaongeza maneno: anayerithi mafao naye atayakosa kama yeye mwenyewe atatiwa hatiani kwa kosa linalohusu utumishi wa marehemu. Kiraka juu ya kiraka.

California ndio walioniridhisha. Tangu 2013, mtumishi wa umma anayetiwa hatiani kwa kosa kubwa linalohusu kazi yake anapoteza mafao yaliyochumwa kuanzia siku ya kwanza ya kosa. Ya nyuma, aliyoyafanyia kazi kwa mikono safi, yanabaki. Ndicho hasa alichoomba Ryan. Kwa kipimo hicho angebaki na pensheni ya ubunge na unaibu gavana, akapoteza ya leseni na ya ugavana, na mke wake angekuwa na cha kushika. Na Burge? Iwapo ungehesabu kosa lake ni mateso, na yalianza miaka miwili tu baada ya kuingia polisi mwaka 1970, angebakiwa na pensheni ya miaka miwili. New York nao, kwa marekebisho ya katiba yaliyopigiwa kura mwaka 2017, wamemwachia hakimu apime kwa afisa wa umma mwenye madaraka: apunguze au afute, akitazama kosa na familia.

Lakini hata California hawajamfikiria aliyeumizwa, kwa sababu pesa ikikatwa hubaki mfukoni mwa mfuko. Aliyeteswa haoni kitu. Zaidi ya hapo, sheria ya Illinois inailinda pensheni ya polisi isishikwe na wadai, kwa hiyo hata mtu aliyeshinda kesi dhidi ya Burge asingeweza kuigusa. Waliolipa ni walipa kodi: fidia na gharama za mawakili katika kesi hizo zimepita dola milioni 100. Mei 2015 baraza la jiji lilipitisha mfuko wa dola milioni 5.5 kwa walionusurika, hadi dola 100,000 kila mmoja, pamoja na ushauri nasaha na somo la historia hiyo katika shule za jiji. Chicago lilikuwa jiji la kwanza Marekani kufanya hivyo, na waliopigania kwa miongo wanastahili heshima.

Ningependa kuona kifungu kinachosema: sehemu ya pensheni iliyochumwa tangu siku ya kosa ikatwe, iende kwanza kwa walioumizwa, mwenzi asiyekuwa na hatia apate fungu lake, na uamuzi ufanywe na hakimu, si na bodi ambayo nusu yake imechaguliwa na wenzake mshtakiwa. Nilipomweleza yule mama wa kazini, aliuliza swali moja tu: Burge alilipwa kiasi gani tangu ahukumiwe? Magazeti yalitaja kati ya dola 3,000 na 4,000 kwa mwezi. Tukachukua ile ndogo, tangu Juni 2010 hadi Septemba 2018, tukapata karibu dola 300,000. Fungu la watu watatu, akasema, kisha akarudi kwenye simu zake.